Mwizi wa Maji ya Tangi

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Mimi pia niliapa, ila jambo hili limenikataa tumboni.

Shoga yangu, mshona matanga, aliishi na mumewe na wifi yake ndani ya mashua iliyotia nanga kati ya visiwa visivyo na kisima. Maji ya kunywa yalikuwa ya tangi moja, na kila siku yalipungua yasijulikane yaendako. Yakabaki ya siku mbili.

"Wifi, unakunywa kama mchanga!"

"Mimi, au wewe unayeoga kama bata?"

Basi adhuhuri shoga yangu akawaketisha wote juu ya sitaha, hadi majirani wa mashua nyingine, yeye akajibanza chini gizani, kando ya tangi. Akasikia mtu akigugumia maji, gu, gu, gu. Akarusha mkono, akadaka kifundo cha mkono kilicholowa, baridi.

"Wifi, nimekushika!"

"Umemshika nani?" wifi akajibu kutoka juu. "Mimi niko huku na kaka!"

Mume akafungua kifuniko cha sitaha, mwanga ukaingia, wote wakachungulia. Shoga yangu alikuwa amekamata mkono wenye kikombe, na mkono wenyewe ulikuwa unatokea ndani ya tangi, kwenye tundu lisilopitisha hata kichwa cha mtoto.