Zenoni za Hugues na Mtoto wa Gofuni

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Buyenzi, na hilo halikumshtua mtu, maana umeme wa Buyenzi ni kama mjomba mlevi, unaingia ukitaka na kutoka bila kuaga. Fadhila alikuwa bado anatafuta kiberiti. Ndani mlikuwa na giza la kujigonga magoti kwenye meza. Ndipo binti yao Assia, aliyekuwa amejilaza mkekani, akajifunika uso kwa viganja.

"Baba, zima taa. Inaniuma macho."

Fadhila akacheka. "Taa gani, mama? Si kuko giza tupu."

"Ile nyeupe. Baba ndiye ameishika."

Rachidi hakuwa ameshika kitu ila kikombe cha chai. Lakini kikombe kilimponyoka, chai ikamwagikia mapajani, chai ya moto, na hakusema hata ah. Mke husikia pale mume anaponyamaza. Fadhila alikiona kiberiti hatimaye, akawasha mshumaa, akamtazama mumewe usoni, akaliweka jambo lile rohoni kama mtu anavyofunga kitu kwenye pindo la kitenge.

Huyu Rachidi ni fundi umeme wa magari, na mkono wake ni mwema, hata wanaomsema wanakubali. Kumsema wanamsema kwa jambo moja tu: anapenda sifa. Mwambie shati lako zuri, atalivaa wiki nzima. Gereji yake ni kiwanja kilicho nyuma ya gofu moja la zamani, nyumba ambayo wenyewe walikwisha kuondoka, paa likaanguka, kuta zikabaki na mlango usio na mlango, na hakuna mtu aliyethubutu kuijenga upya wala kuiba tofali lake.

Mafundi wa kiwanja kile wana desturi yao. Kila gereji, mchomeleaji kabla hajachoma chuma hupaza sauti, "Macho," na watu wote hugeuza nyuso wasiunguzwe na ule mwali. Hapo Buyenzi, akishawaambia watu, hugeukia gofu akasema tena, polepole, "Bismillahi. Macho, jirani." Kisha husubiri kidogo. Hata Wakristo hufanya hivyo. Valéry, fundi wa rangi, anayeimba kwaya Jumapili na sauti yake nene, hawezi kuwasha hata gesi yake bila kumwambia jirani. Jirani ni nani, hakuna aliyeuliza. Mambo mengine ukiyauliza yanakujibu.

Basi, kabla ya jioni ile ya chai, akaja Hugues. Hugues anakaa Kiriri, kule juu kwenye majumba yanayoutazama mji kama unavyotazama sahani ya mwenzako. Mji mzima ukipanga foleni ya benzini, gari la Hugues halikosi kujaa. Inatoka wapi? Wanawake wanaoteka maji bombani wana majibu mengi, na yote ni matamu. Alikuja na kiboksi alichonunua Asiatique, mtaa wa maduka, balbu za zenoni, zile zenye mwanga mweupe unaoelekea bluu, na visanduku vyake viwili vya balasti vya kuzipa moto.

"Nataka uziweke chini hapa, kwenye taa za ukungu," alisema. "Bugarama kule milimani ukungu ni mwingi."

Rachidi alijua. Hili lazima lisemwe wazi, maana ndilo lililomtesa baadaye: alijua. Kile kikombe cha taa ya ukungu kimetengenezwa kwa balbu ndogo ya manjano, mwanga wake ulale chini barabarani. Ukitia zenoni mle, mwanga hautulii, unarukaruka kila upande na kumchoma machoni kila anayekuja mbele. Na kwenye ukungu wenyewe unakurudia usoni kama maji uliyomwagia ukuta. Alifungua mdomo amwambie. Lakini Hugues alimpiga bega mbele ya mafundi wote akasema, "Nimeambiwa wewe si fundi tu, wewe ni *ingénieur*."

Neno hilo, injinia kwa Kifaransa, lilimwingia Rachidi kama sukari kwenye chai. Akafunga mdomo, akafungua bampa.

Alimaliza wakati mwadhini anaita Magharibi. Pua ya gari ilitazama gofu. Valéry alikuwa anaosha brashi zake, akasema bila kuinua kichwa, "Rachidi, sema kwanza."

"Aseme nini?" akauliza Hugues. "Kwa nani?"

Akacheka. Na Rachidi, ee, Rachidi naye akacheka. "Mambo ya wazee, patron. Usijali."

Akawasha.

Balasti zikatoa sauti yao nyembamba, kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Mwanga ukaja zambarau, kisha mweupe, gofu zima likawa wazi hadi mjusi na kivuli chake. Na pale kwenye mlango usio na mlango, mtoto alikuwa amekaa. Magoti kifuani. Ngozi yake rangi ya jivu la asubuhi. Macho yalikuwa makubwa na hayakuwa na kope, macho ya kiumbe ambaye hajawahi kuhitaji kuyafumba. Rachidi alikuwa amepiga magoti kando ya bampa, hivyo macho yake yalikuwa sawa na ya mtoto, akamwona yeye peke yake. Yule mtoto alipeleka mikono usoni, akalia, na kilio chake kilikuwa sauti ileile ya balasti, nyembamba, ndefu, isiyopumua.

Rachidi akazima.

"Mbona umezima?" akasema Hugues na simu mkononi. "Washa tena, ingénieur, nipige picha."

Akawasha tena.

Hiyo ya pili ndiyo iliyomla ndani. Ya kwanza angeweza kuiweka mbele ya Mungu, akasema sikujua. Ya pili alikuwa amekwisha kumwona.

Baada ya jioni ile ya chai kumwagika, Assia akaanza kufunga kitambaa machoni mchana. Juani alijigonga kwenye kuta na ndoo. Gizani alitembea sawasawa, akaokota hata sindano ya mama yake. Daktari alimulika, akasema macho mazima kabisa, akatoa dawa ya matone. Matone yaliisha. Nyumba ikaanza kunuka vumbi lililoungua, ile harufu ya taa iliyowaka muda mrefu, na Fadhila alifua mapazia yote na harufu haikutoka. Kuku wakakataa kuingia bandani, wakalala barabarani.

Kila mara Rachidi alipotaka kumwambia mkewe, alijiona amepiga magoti kando ya bampa anacheka, na ulimi ukarudi nyuma.

Siku moja, jua limezama tu, Fadhila akiwa kwa jirani kuomba makaa, Rachidi aliketi karibu na mkeka wa Assia, na umeme ulikuwa umeondoka tena, na alisikia mtoto wake anaongea polepole na mtu, akadhani anaota, lakini Assia alinyamaza kama anayesikiliza jibu, kisha akasema, "Nikikuazima, utanirudishia?" na ndani ya ukuta ile sauti ya mbu wa chupani ikaanza, nyembamba, ikashuka kutoka darini, ikapita nyuma ya kabati, ikaja hadi sakafuni, hadi ukingoni mwa mkeka, na harufu ya vumbi la moto ikamjaa puani mpaka akakosa pumzi, na alipoiinua simu yake amulike, mkono ulikataa, kwa sababu alijua nani aliyekaa pale na alijua kummulika mara ya tatu ni jambo ambalo hata shetani angelionea haya, basi akabaki gizani, baba mzima, akisikia vidole vidogo vinapapasa mkeka, vinampapasa mtoto wake mguu, tumbo, shavu, vikitafuta macho.

"Apana," alinong'ona. "Tafadhali. Apana."

Vidole vikasimama. Fadhila aliingia na makaa yake, akamkuta mumewe analia.

Alimwambia yote, isipokuwa ile ya pili.

Wakamwita Mwalimu Khaled. Mchana Khaled anauza miwani ya mitumba Asiatique, na yeye mwenyewe huvaa mbili kwa pamoja, moja ya kuona karibu na nyingine ya kuona wateja. Lakini kisomo chake kina nguvu. Hilo hata waliogombana naye wanakiri. Alikuja baada ya Alasiri, akafunga madirisha, akatia ubani kwenye makaa, akaomba chai yenye sukari nyingi, akanywa, akaanza kusoma. Assia alilala na kitambaa chake. Ubani ukapanda. Na aliyejibu hakuwa Assia. Alikuwa Fadhila, macho amefumba, sauti si yake.

"Nani anasema?" akauliza Khaled taratibu.

"Jirani."

"Unataka nini, jirani?"

"Macho ya huyu mutoto. Wangu haoni tena."

"Baba yake hakujua kama muko pale."

"Mara ya kwanza hakujua." Uso wa Fadhila uligeuka, macho bado yamefumba, ukamkabili Rachidi. "Mwulize ya pili."

Khaled alimtazama Rachidi juu ya miwani zote mbili. "Kulikuwa na ya pili?"

"Kulikuwa."

"Ulikuwa umeshamwona?"

"Nilimwona."

"Na ukawasha."

"Mwalimu, aliniita ingénieur." Alilisema kwa sauti ndogo sana, na lilipotoka mdomoni akalisikia lilivyo.

Kaa moja likapasuka. Rachidi akatambaa kwa magoti hadi mbele ya mkewe, ambaye hakuwa mkewe.

"Chukua yangu," alisema. "Yote mawili. Muache mutoto."

"Macho yako yanapenda kutazamwa," ikasema ile sauti. "Mwanangu atayafanyia nini? Giza lilikuwa kiwanja chake cha kuchezea. Sasa hata gizani anagonga kuta, na mi nina wengine wa kulisha. Nataka mutu wa kumshika mkono. Kila Magharibi utamtembeza. Utamwambia kilichoko mbele. Siku moja usipokuja, nitakuja mwenyewe kuchukua nilichokuja kuchukua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka awe mukubwa."

"Nakubali," akasema Rachidi, haraka, kama mtu anayenunua kwa bei rahisi.

Khaled ndiye aliyefumba macho.

Mlangoni, alipokuwa anamsindikiza, Rachidi alimuuliza. "Mwalimu, hawa wanakua kwa muda gani?"

Khaled alivua miwani moja akaifuta. "Mi nikiwa mutoto, bibi yangu alikuwa anatuambia tusicheze pale, kuko mama anayenyonyesha." Akaivaa tena. "Na yeye aliambiwa hivyo hivyo na bibi yake. Nenda Kiriri, Rachidi. Kazitoe zile taa. Mji huu una magofu mengi, na kila gofu lina mama yake."

Asubuhi Assia alivua kitambaa, akatazama jua mlangoni, akaomba mandazi. Fadhila alimkumbatia. Ama mumewe, Fadhila alimpikia, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga, lakini tangu ajue ile ya pili, kuongea naye hakuongea, akipitisha maneno kwa mtoto: mwambie baba yako ugali uko tayari.

Magharibi ya kwanza Rachidi alisimama mbele ya gofu, akasema bismillahi, akashusha mkono wake wa kuume hadi kwenye kimo cha mtoto. Kilichoushika kilikuwa kidogo na cha moto, moto wa balbu iliyozimwa sasa hivi. Akaanza kutembea. "Mutaro huu," alisema. "Ruka. Hapa jiwe. Baiskeli imelala, tupite huku." Watu wakamwona. Wanawake wa bombani walisema amerukwa na akili. Mmoja akasema apana, ana mke mdogo mwenye mtoto, anajizoeza. Alisikia na akaendelea. Vidole vilikuwa vinamkaza kila gari lilipopita, na kila vilipomkaza yeye alisema, "Nisamehe," na havikujibu.

Kiriri alikwenda. Alipanda na bisibisi na zile balbu za zamani za manjano mfukoni. Hugues alikuwa barazani na wageni wake, glasi zimejaa.

"Voilà, ingénieur mwenyewe," akasema Hugues akasimama. "Huyu ndiye aliyeniwekea. Juzi tulikwenda Bugarama, dereva mmoja wa lori alitoka kabisa barabarani kwa kushindwa kuona."

Wageni wakacheka. Mmoja akampa mkono, akamvutia kiti. Rachidi alitia mkono mfukoni, akazigusa balbu za manjano.

"Umekuja kuna tatizo?" akauliza Hugues.

Kila mtu alikuwa anamtazama, na wote walimtazama kwa heshima.

"Apana, patron," akasema Rachidi. "Nilikuja kuona tu kama maji ya mvua hayajaingia."

Akashuka kilima kwa miguu, na balbu zikigongana mfukoni njia nzima.

Mvua zikaja. Gari la Hugues likazunguka na weupe wake, Mutanga Sud, Asiatique, barabara za milimani, likimulika kuta na mabonde na milango isiyo na milango, na hakuna aliyekuwa anasema macho.

Ilikuwa jioni ya manyunyu Rachidi alipotoka kama kawaida. Alishusha mkono wa kuume, ukashikwa. Alikuwa ameshainua mguu aende, ndipo kitu kikampapasa kwenye suruali upande wa kushoto, kikashuka, kikautafuta mkono wake wa pili kwa vidole vya moto vilivyokuwa vidogo kuliko vya kwanza, kikaushika.

Hakutazama chini. Manyunyu yakimlowesha, akaanza kutembea kwa hatua fupi zaidi.

Valéry alikuwa anafunga kibanda chake cha rangi. Alimwonea huruma rafiki yake, akavuka mtaro, akamnyooshea mkono amsalimu.

"Rachidi, habari ya jioni."

"Nzuri, Valéry," akasema Rachidi, na hakuinua mkono wowote. "Nisamehe. Mikono imejaa."