Vichwa vya Skarvvåg

"Bibi anaumwa sikio."

Sauti ya Gunnvor kwenye simu ya setilaiti ya Iridium ilikuwa kavu. Eilert Nergård alimeza kipande cha ini la chewa, akafuta midomo.

"Sana?"

"Mchana haufikii. Mpelekee dawa."

Simu ikakatika.

Maana ilikuwa moja. Meli Morgana ingeng'oa nanga kabla ya mchana, imesheheni minofu ya wizi, na ushahidi hakuna.

"Nani huyo?" aliuliza Mzee Oddvar kutoka jikoni. "Mwanamke?"

"Bosi, baba."

"Bosi anayekupigia ukiwa mezani ni mke tayari. Kula ini, mwanangu. Huko Oslo wamekukausha kama ng'onda."

Eilert alicheka. Baba yake mzazi alipozama baharini, mzee huyu ndiye aliyemlea. Na ghala la mzee huyu ndilo lililopokea samaki wa Morgana.

"Natoka kidogo. Napunga hewa."

"Usikawie."

Uongo wa kwanza wa siku.

Hati za Morgana zilisema chewa wa bahari kuu, halali kabisa. Idara yake ya upelelezi ilishuku wamezolewa ndani ya hori la Skarvvåg, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, ambao ulifungwa kwa wavuvi kwa sababu chewa wake wamekaribia kwisha. Msafara mmoja zaidi kama huu, na hori lingebaki maji matupu.

Mnofu hausemi umetoka wapi.

Kichwa kinasema.

Na katika visiwa vyote vya Lofoten hakuna mtu anayetupa kichwa cha samaki. Vilining'inia kwenye vichanja nyuma ya ghala, maelfu kwa maelfu, midomo wazi, vikikaushwa na upepo wa Machi.

Eilert alikata kamba moja ya vichwa kwa kisu cha Mora.

"We! Weka chini!"

Mlinzi wa Morgana. Mkononi, bastola ya Makarov.

Eilert aliinua mikono. Kichwa kimoja bado kilikuwa katika mkono wa kulia, kimeganda, kizito kama tofali.

Akakirusha.

Pua ya mlinzi ilipasuka. Bastola ikazama thelujini. Teke moja, kabari moja, mtu akalala. Eilert alimfunga kwa kamba ya vichwa, akamziba mdomo kwa glavu yake mwenyewe.

Kisha akapasua fuvu la samaki, akatoa jiwe la sikio: jeupe, dogo kama punje ya haragwe. Alilivunja katikati, akabana lenzi ya Zeiss jichoni. Pete ndani ya pete, kila mwaka na pete yake.

Tano.

Chewa wa bahari kuu hukua polepole. Mwenye kichwa kikubwa hivi angekuwa na pete nane, pengine tisa. Huyu alinenepa upesi, kwenye malisho ya hori. Akapasua kingine. Tano. Kingine tena. Tano.

Alibonya redio.

"Ni wa hori. Nimesoma mwenyewe."

"Msomaji mmoja hatoshi," alisema Gunnvor. "Unajua utaratibu. Wasomaji wawili, kila mmoja bila kujua jibu la mwenzake. Bila hivyo walinzi wa pwani hawapandi meli. Kuna mwingine hapo?"

Honi ya Morgana ililia bandarini.

Alikuwepo. Mtu aliyewasomea watafiti mawe hayo ujana wake wote. Mtu aliyempakata Eilert na kumfundisha kuhesabu pete kabla hajajua kuhesabu vidole.

"Yupo," alisema, akajichukia.

Aliingia ndani, redio ikiwa wazi mfukoni mwa koti lake la Helly Hansen.

"Baba, tucheze ule mchezo wetu." Aliweka jiwe na lenzi kando ya sahani. "Ana umri gani?"

"Umekuja kushindwa tena, we mtoto?" Oddvar alicheka, akainama juu ya lenzi.

Kicheko kikaisha.

Aliliangalia jiwe. Akaiangalia damu kwenye mkono wa koti la Eilert. Nje, honi ililia tena. Angeweza kusema nane. Neno moja tu, na meli ingeondoka, naye angebaki na ghala lake na jina lake.

Eilert aliomba kimoyomoyo aseme nane.

"Tano," alisema mzee. "Wa hori. Hata kipofu angeona."

"Nimesikia," Gunnvor alisema redioni. "Wapande."

Dirishani, boti mbili za walinzi wa pwani zilikata maji na kuziba mlango wa bandari. Morgana ikazima injini.

"Yule kapteni aliniambia vichwa nivitupe baharini," alisema Oddvar. "Kichwa kizima, nitupe? Mimi?" Alivua miwani. "Ghala lilikuwa linakufa, mwanangu. Nikajidanganya kwamba hori litavumilia."

Eilert alizima redio mfukoni.

"Niambie kitu kimoja. Ulikuja kunisalimia, au ulitumwa?"

Eilert alikuwa amedanganya katika nchi nne, ametazamwa machoni, bila kupepesa.

"Nilitumwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akachukua sahani ya Eilert, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya jiko, kama anavyowekewa mtu atakayerudi jioni.

Eilert alifunga zipu mpaka kidevuni, akatoka. Polisi wawili walikuwa wakipanda ngazi. Aliwapisha bila kuwatazama, akashuka kuelekea gatini kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, mikono mfukoni.