Nusu Isiyompunguzia Bagula Kitu

— Saini, Bulonza. Leo hii. Sitaki maneno mengi.

Bagula alisimama mlangoni pa jikoni, koti mwilini, karatasi za talaka mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Bulonza alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

— Umenikuta na mwanaume?

— Hapana.

— Basi wewe ndiye umepata mwanamke.

— Mwanamke gani! Bon, nimechoka tu.

— Umechoka, lakini lazima tuachane kabla ya mwezi wa tatu? Ni uchovu gani huo wenye haraka hivi?

Swali lilimpata pabaya. Bagula akaitupa kalamu mezani.

— Kwa sababu mwezi wa tatu ndoa yetu inafika miaka kumi! Ndugu yangu Medard amenieleza. Ikifika kumi, hata tukiachana utakula nusu ya pensheni yangu mpaka nife. Mimi nimebeba maboksi depo, mshahara wangu umekatwa kila wiki kwa ajili ya uzee wangu. Wewe umechangia nini? Hujafanya kazi hata siku moja Amerika!

Walioana hapa Louisville, wote wawili wajane kutoka Bukavu. Bulonza aliweka mwiko chini polepole.

— Na mama yako? Alipopooza katika chumba kile, nani alikuwa anamgeuza? Nani alimwosha mpaka akafa? Nilipopata kazi ya kutunza wazee, nani alisema, "Kaa nyumbani, mama hataki mikono ya wageni"?

— Ile si kazi. Ile ni wajibu wa bibi.

— Basi saini peke yako.

Kesho yake Bulonza aliondoka Newburg, mtaa wao wa Louisville, akapanda basi la kwenda mji wa Columbus kwa binti yake Précieuse. Ujumbe wa Bagula ulimkuta njiani: "Usiposaini, nguo zako natupa nje."

Akajibu: "Tupa. Za marehemu mama yako ziko kwenye kabati hilohilo."

Précieuse alikuwa na nyumba nyuma ya maduka ya Morse Road. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, akachukua funguo za gari.

— Mama, tutalia baadaye. Kwanza tukaulize wenyewe.

Kwenye ofisi ya pensheni ya serikali, mama mmoja aliwaeleza kupitia mkalimani wa simu: aliye na michango midogo, au hana kabisa, anaweza kupata hadi nusu ya kiwango cha mwenzake, umri ukifika na mwenzake akistaafu. Wakiachana, haki inabaki kama ndoa ilitimiza miaka kumi na yeye hajaolewa tena.

— Mwulize, Bulonza alisema. Na ya mume wangu inapungua?

— Haipungui hata senti, mkalimani akajibu.

Bulonza alicheka, na kicheko kikaishia kwenye machozi.

— Afadhali ingempunguzia, Précieuse. Angalau angekuwa na sababu.

Wiki iliyofuata Medard akawaita wote kwake mjini Buffalo, mtaa wa West Side, kwenye nyumba ya mbao iliyojaa baridi.

— Shemeji, saini tu, familia ipate amani.

— Medard, ni wewe ulisema ninamla ndugu yako?

— Nilisikia kazini. Kila mtu anajua.

— Kila mtu anajua, Précieuse akadakia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza!

— Mtoto, nyamaza, Bagula alifoka. Wakubwa wanaongea.

— Basi piga simu, mkubwa. Ofisi iko wazi.

Bagula alipiga, akitaka kumwaibisha binti huyo. Sauti ya mkalimani ikajaa sebuleni, ikirudia yaleyale. Medard akaanza kutazama dirishani.

— Donc... yaani hainipunguzii kitu? Bagula aliuliza.

— Hata kidogo, Bulonza alisema.

— Mama Précieuse, hatukuelewana tu. Ni Medard huyu...

— Medard alileta maneno. Kalamu ulishika wewe.

— Turudi nyumbani. Karatasi nitazichana.

— Ungejua tangu mwanzo kwamba haigusi mfuko wako, ungenifukuza?

— Hapana! Kabisa!

— Hapo ndipo panaponiuma. Nikiwa bure unanitaka. Ukidhani nina gharama, unanitupa. Talaka utapata, Bagula, lakini mwezi wa tatu upite kwanza. Nimeshapata wakili.

— Mnaona? Ni pesa anatafuta!

— Natafuta mshahara wa miaka niliyomlea mama yako. Serikali italipa, wewe hutoi kitu. Sasa unakasirikia nini?

Akavaa koti, akatoka na Précieuse.

Korti iliwaachanisha mwezi wa sita. Bagula alistaafu, na Bulonza, ambaye umri wake ulikuwa umefika, akapata pensheni yake akiwa Columbus. Bagula akampigia simu.

— Umeipata?

— Nimeipata.

— Na yangu imekuja nzima. Kweli haikupungua.

— Nilikuambia.

Bagula alikohoa, akalegeza sauti.

— Basi sasa tunagombania nini, Bulonza?

— Hatugombani tena. Tulishaachana.

Akakata simu, akaenda kumsaidia Précieuse kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo.