Badala ya "Umetekelezwa"

Mara ya kwanza benchi la nyuma lilipokutwa limelowa ilikuwa Aprili, mvua bado zinanyesha, kwa hiyo watu wakalaumu bati. Bati la ofisi ya kata lilikuwa limetoboka kama chekeche. Imakulata, mtendaji wa kata, alichukua tambara akafuta, kikao kikaendelea. Lakini Julai, jamani! Julai upande huu wa Kasekese vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na benchi lilelile, kona ileile ya karibu na mlango, limelowa chapachapa, na chini yake kidimbwi cha maji ya tope. Saa nne asubuhi, kweupe pee. Asije mtu akaniambia habari za giza na bundi.

"Nani kamwaga maji?" aliuliza Diwani Cletus, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata.

Wajumbe wakatazamana. Elias, mwenyekiti wa kijiji kimoja, mtu wa utani, akasema labda kuna mjumbe kajikojolea kwa kuogopa hotuba ya mheshimiwa. Watu wakaangua kicheko.

Imakulata hakucheka, maana alikuwa ameshainusa ile harufu. Mkojo haunuki vile. Ilikuwa harufu ya mto uliojaa, tope na majani yaliyooza, na ndani yake harufu ya sare ya shule iliyokaa majini siku tatu. Aliijua. Februari alisimama nayo ukingoni siku Minza alipoopolewa.

Minza alikuwa binti wa Nyanda, Msukuma mfugaji anayeishi ng'ambo ya mto. Shule iko huku, nyumbani kule, na katikati hakuna kivuko. Kila masika Nyanda alimzuia mtoto asivuke, na kila masika mtoto alilia, kwa sababu aliipenda shule kuliko kula. Ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba nzima. Karatasi ya dawa ya ng'ombe, barua, tangazo la mkutano, vyote alivisoma yeye kwanza, ndipo baba yake ajue vinasema nini.

Sasa sikilizeni kosa lilivyofanyika, maana ni dogo mpaka linaudhi. Kila baada ya miezi mitatu Imakulata alikuwa akifungua muhtasari wa zamani kwenye kompyuta, anabadilisha tarehe, anarekebisha hapa na pale, basi. Kwenye kivuko, miaka mitatu mfululizo, aliacha maneno yaleyale: "utekelezaji unaendelea." Januari choo cha ofisi kikakamilika, akaandika "umetekelezwa", na katika kunakili na kubandika, lile neno likashuka mstari mmoja likakaa kwenye kivuko pia. Hakuliona. Diwani Cletus akasaini bila kusoma, kama kawaida yake. Karatasi moja ikapanda halmashauri, huko wakakifuta kivuko kwenye orodha kwa kuwa kimeshajengwa. Nyingine zikabandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji, na kimojawapo ni kijiji cha ng'ambo.

Minza aliisoma. Alirudi nyumbani mbio. "Baba, kivuko tayari! Nimesoma ubaoni, kimetekelezwa."

Nyanda ndiyo kwanza alikuwa amerudi na ng'ombe kutoka malisho ya Sibwesa, hajauona mto tangu mvua zianze. Akamwambia mwanawe aende.

Vivuko vya huku ni vya zege, vya chini, maji yakijaa yanapita juu yake. Kwa hiyo mtoto alipofika akakuta maji tu, mekundu, yanakwenda kasi, aliamini kwamba kivuko kiko chini. Mama mmoja aliyekuwa ukingo wa huku akichota maji alimwona akiingia, madaftari kayaweka kichwani, anapapasa kwa mguu. Alikuwa anatafuta zege. Yule mama alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Maji yalipopungua Nyanda alikwenda kutazama. Hakuna kivuko, hata jiwe. Siku ya mazishi alisimama mbele za watu akasema, "Mwanangu alinidanganya. Alitaka shule mpaka akanidanganya mimi baba yake." Imakulata alikuwa amesimama pale, khanga mdomoni. Jioni ile, kabla ya kupanda mtumbwi kurudi huku, aliibandua karatasi ubaoni, akaitia kwenye mkoba. Diwani alipoelezwa alisema tu, "Tutarekebisha kimyakimya." Aprili wakauthibitisha muhtasari ule hivyohivyo, na neno likanakiliwa kwenye muhtasari mpya.

Turudi kwenye kikao cha Julai. Kicheko kilipoisha, wakafika ajenda ya pili, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Diwani Cletus alikohoa. "Waheshimiwa wajumbe, huu ni muhtasari sahihi?"

"Ndiyooo!"

Sauti zikashuka, zikanyamaza, na katika ule ukimya, kutoka kona ya mlangoni, ikaja moja iliyochelewa, nyembamba, ya mtoto.

"Siyo."

Hakuna aliyegeuka. Hata Elias aliangalia mezani. Wakaanza kusikia tone, tii, likidondoka kutoka kwenye benchi, kisha jingine, tii, na Imakulata aliyekuwa akiandika aliona wino wa peni yake unatanuka kwenye karatasi kana kwamba karatasi imepigwa na ukungu, na ile harufu ikasogea, ikapita katikati ya viti polepole kama mtoto anayeitwa mbele na mwalimu, ikapita kwa afisa kilimo, ikapita kwa Elias, ikaja mpaka mezani, ikasimama mkono wa kushoto wa Imakulata, karibu kabisa, akahisi baridi ya kitambaa kilicholowa inamgusa kiwiko, na hapo mtu mmoja akapiga yowe, viti vikaanguka, wajumbe wote wakagombania mlango.

Walipohesabiana nje, chini ya jua, ndipo Elias akaiangalia orodha ya mahudhurio aliyotoka nayo bila kujua. Wajumbe walikuwa ishirini na mmoja. Majina yalikuwa ishirini na mawili. La mwisho liliandikwa kwa herufi za duara, za kujifunzia, kila moja imekaa vizuri juu ya mstari. *Minza Nyanda. Cheo: Mwanafunzi, Darasa la Nne.* Kwenye nafasi ya saini kulikuwa na doa la maji.

Mji mzima ukasema ni jini la mto, limemla mtoto na sasa limevaa jina lake. Wakachanga, wakamleta Mzee Sixte, mganga wa kule Mishamo. Mzee aliingia ofisini na mkoba wake, akaketi kwenye benchi lile bila kujali maji, akaomba aone orodha. Hakufungua hata kichupa kimoja.

"Nyie mmeniita nifukuze jini," alisema. "Jini gani linajiandikisha? Huyu kajaza jina, kajaza cheo, kasaini. Huyu ni mjumbe, ana hoja. Mjumbe mwenye hoja nyie mnamfanyaje?"

"Anasikilizwa," Elias alijibu.

"Basi." Mzee Sixte akasimama, suruali inachuruzika. "Na humu ndani kuna mtu anaijua hoja yake. Mimi si wa kumtaja."

Alipoondoka, Diwani Cletus alimvuta Imakulata nyuma ya ofisi. "Dada, nakuomba," alinong'ona. "Ukisema, wewe kazi huna."

"Najua, mheshimiwa."

"Na mimi kata sina."

"Najua."

"Yule mtoto hatarudi hata ukisema!"

"Mbona karudi," alisema Imakulata, akaanza kulia.

Oktoba alimwandikia Nyanda barua ya mwaliko, kisha akakumbuka kwamba hakuna tena wa kumsomea. Akaenda mwenyewe ng'ambo, akamwambia kwa mdomo.

Siku ya kikao Nyanda alikaa mbele kwenye kiti cha wageni, fimbo katikati ya magoti. Joto lilikuwa la kuivisha embe. Hata hivyo, kabla sala haijaisha, kona ya mlangoni ilianza: tii. Tii. Harufu ikajaa chumba. Safari hii hakuna aliyekimbia, ingawa afisa kilimo alikuwa ameshika mkono wa jirani yake kama bibi harusi.

Imakulata alisimama. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, ile ya kwenye mkoba.

"Mwenyekiti, naomba turudi kwenye muhtasari wa Januari," alisema. "Ukurasa wa tatu, kipengele cha nne, ujenzi wa kivuko. Badala ya 'umetekelezwa'..." Akashindwa. Akaanza upya. "Badala ya 'umetekelezwa', isomeke 'haujatekelezwa'."

Matone yakanyamaza.

Nyanda aliangalia huku na huku. "Mayu," alimwambia Imakulata, akimwita mama kwa adabu ya Kisukuma, "mimi sijui lugha za vikao. Unasema nini?"

"Nasema karatasi iliandika kivuko kimejengwa, baba. Ilibandikwa kijijini kwenu. Niliandika mimi, kwa makosa. Na siku ya mazishi niliibandua mimi, kwa woga."

"Lilikuwepo? Neno lenyewe lilikuwepo?"

Alimpelekea karatasi, akashika kidole kigumu cha Nyanda, akakiweka juu ya neno. Nyanda alikaa nalo muda mrefu, kidole hapohapo, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Kwa hiyo alisoma sawasawa," alisema.

"Alisoma sawasawa, baba."

"Miezi minane sijakanyaga kaburini kwake. Nimemnunia. Mtoto amekufa, na mimi nimemnunia. Nilisema mbele za watu ni mwongo." Fimbo ikaanguka, hakuiokota. Akalia kwa sauti, mwanaume mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Diwani Cletus alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa mazoea tu akatamka maneno aliyoyatamka miaka yote, safari hii kwa sauti ya chini. "Wajumbe, kwa marekebisho hayo, huu ni muhtasari sahihi?"

Hakuna aliyefungua mdomo.

"Ndiyo," ikasema sauti ndogo nyuma.

Nyanda akageuka haraka, machozi yanamtoka. "Minza?"

Benchi lilikuwa kavu, lina vumbi.