Mgonjwa Asiyesogea

Godoro lilibonyea katikati kabla mgonjwa hajalazwa.

Nesi Scolastica alidhani limetoboka. Lilikuwa godoro la hewa la kuhamishia wagonjwa: ukiwasha pampu linainuka kidogo, na watu wawili wanalitelezesha na mgonjwa wao kutoka kitanda hadi kitanda bila kumtikisa. Hospitali ile ya pembeni ya mji wa Mpanda ilikuwa nalo moja tu. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi huwekewa mirija ndani ya mwili, kisha mionzi hupitishwa humo. Mirija ikihama hata kidogo, mionzi inaunguza kibofu, uvimbe unabaki.

Akalipapasa lote. Halikuwa na tundu, ila lilinuka tope la jaruba la mpunga.

Mgonjwa wa siku ile alikuwa Nyanzala, mkulima wa mpunga kutoka Usevya, mama wa watoto wanne. Alilazwa juu ya godoro, Daktari Heri akamchoma ganzi, akamwekea mirija, pampu ikawashwa. Godoro likajaa lakini halikuinuka. Scolastica na Ngusa, mhudumu wa wodi, wakasukuma. Wakaongezeka wengine wawili. Nyanzala alikuwa amekonda, amebaki mifupa, lakini watu wanne walishindwa kumsogeza hata upana wa kidole.

"Tumbebe na shuka," Ngusa alisema.

"Hapana. Mirija itahama." Daktari akatazama saa. Ganzi ikiisha ingebidi mirija itolewe, na uvimbe ule haukuwa wa kusubiri tena. Akatoka na wengine kutafuta pampu nyingine, akamwacha Scolastica na mgonjwa.

Nyanzala akamshika nesi mkono. "Sista, pampu haina kosa," alinong'ona. "Ni yule. Alinikuta jarubani mwaka juzi, kabla sijaanza kutoka damu. Anakaa humu tumboni. Anaogopa kile chumba cha mionzi."

"Tulia, mama. Usijitikise."

"Wanangu bado wadogo. Mwambie atoke."

Scolastica alikuwa amemuuguza mama yake mzazi kwa ugonjwa huohuo, nyumbani kwao Kawajense, akamzika bila mama huyo kupata hata siku moja ya tiba kama hii. Akaanza kusali Salamu Maria. Chini ya ngurumo ya pampu akasikia mtu anavuta pumzi, pumzi nzito isiyolingana na ya Nyanzala, na harufu ya tope ikapanda mpaka ikamkaa kooni, na alipofika katikati ya sala maneno yakampotea, naye alipokuwa akiyatafuta, sauti ya kike, ya upole, ikatoka chini ya shuka, usawa wa tumbo la mgonjwa, ikamalizia sala ile kwa niaba yake.

Kisha ikauliza, "Nikitoka, niende wapi?"

Nyanzala alikuwa analia bila sauti. Mlangoni hapakuwa na mtu. Ganzi ilikuwa inaisha. Vidole vya miguu ya mgonjwa vilikuwa vimeanza kuchezacheza.

"Njoo kwangu," Scolastica akasema.

Godoro likainuka.

Daktari Heri aliporudi alimkuta nesi analisukuma peke yake kuelekea chumba cha mionzi, kwa mkono mmoja, na mirija haijasogea. Akaanza tiba mara moja. Baada ya miezi miwili uvimbe ulikuwa umenywea, na Nyanzala akarudi Usevya kulima.

Lakini siku ileile ya tiba, kazi ilipoisha, Scolastica alipanda bodaboda ya Dieudonne, aliyezoea kumrudisha nyumbani. Dieudonne akawasha, akaenda hatua chache, akasimama. Akageuza shingo, akatazama nyuma ya bega la abiria wake.

"Samahani, sista. Huyo mama anashukia wapi?"

Scolastica hakugeuka. Alikuwa anaisikia ile pumzi shingoni.

"Twende tu," alisema. "Tunashuka wote."