Wa Tatu Katika Fungate

Siku Nunzia alipokutana na Ruggero, foleni ya lifti ya darajani pale Sanità, mtaa wa Napoli, ilikuwa imefika mlangoni kwa muuza mikate. Fundi aliyeifunga kwa ukaguzi alikuwa amepiga magoti, akipangusa reli ya mlango taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia. Watu wa Napoli wana maneno, na asubuhi hiyo walikuwa wameyamwaga yote. Nunzia, aliyevaa gauni la manjano na kukumbatia bunda la glavu za ngozi, aliwapita wote akaenda kumsimamia fundi kichwani.

"Kaka, hiyo lifti unaitengeneza au unaibembeleza?"

Ruggero aliinua uso. "Naibembeleza, dada. Hata hasira zako zikibembelezwa zitashuka."

Foleni nzima ikaangua kicheko, Nunzia naye akacheka. Fundi akaacha kazi yake, akambebea bunda kwa ngazi mpaka chini. Walipofika chini alishajua jina lake, karakana anakoshona glavu, na kwamba hana mchumba. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Trento, kule milimani kaskazini, mwenye mikono mikubwa na sauti ya upole. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemvisha pete.

Asichokijua Ruggero ni mahali Nunzia alikotoka asubuhi ile. Alikuwa ametoka chini ya kanisa dogo la mtaani kwao, kwenye chumba baridi kilichojaa mafuvu ya watu wasiojulikana. Wanawake wa Sanità huchagua fuvu moja, wakalifuta vumbi, wakaliwashia taa na kuliombea roho yake ipoe huko iliko. Na roho hiyo nayo huwakumbuka kwa haja zao. La Nunzia alirithishwa na bibi yake, Bibi Rachele. Kwa kuwa hakuna aliyelijua jina lake, yeye alimwita Bwana Liborio.

Na asubuhi ile, akiwa amechoka kuhudhuria harusi za wenzake, aliinamia tundu la sikio la Bwana Liborio akanong'ona: "Nipatie mume wa kweli. Siku ya fungate nitakuchukua, twende wote." Alipoinuka akaona paji la fuvu limelowa, kama la mtu anayetoka jasho. Baada ya hapo ndipo alipopanda kwenda karakana kuchukua glavu, na wakati wa kushuka akaikuta lifti imefungwa.

Aliona aibu kumwambia Ruggero. Msichana gani amwambie mchumba wake kwamba alimwomba kwa fuvu? Lakini kila alipomtazama akicheka, aliwaza kwa hofu: huyu nimepewa, na nisipotimiza neno langu nitanyang'anywa.

Mwezi mmoja kabla ya harusi wakaenda kwa wakala wa safari, mama mmoja aitwaye Ottavia, mwenye ofisi iliyojaa mabango ya makasri. Ruggero alitaka kila mji wapate kiongozi wa watalii, tena mwenye mwavuli wa kuinua juu. Wazazi wake, alieleza, walikwenda fungate bila kiongozi, wakapotea Verona, wakanuniana mpaka yeye akazaliwa. Basi wakachagua: Vienna, ziara ya majumba ya wafalme; Praha, ziara ya kwa miguu kwenye daraja la kale na ngome. Ottavia akawapendekezea na ziara ya chini ya ardhi, ya kutazama mifupa ya kale, eti maharusi wa siku hizi wanaipenda.

"Mifupa hapana," Nunzia alisema haraka mno, na Ruggero akamtania kwamba watu wa Sanità wameshaitazama ya kutosha.

Uthibitisho ulipokuja ulikuwa wa watu watatu, na baada ya Praha palikuwa pameongezwa mji wa Olomouc, huko huko Ucheki, ambao hakuna aliyeutaja. Ruggero akapiga simu ukarekebishwa. Ukarudi vilevile. Wakaenda ofisini wenyewe, na Ottavia akawashangaa.

"Mimi nafuata mnayoniambia. Si yule bwana wenu alipiga simu?"

"Bwana gani?" Ruggero aliuliza.

"Aliyesema yuko pamoja na bibi harusi. Anazungumza polepole, sauti kama inatoka pangoni. Nilipomuuliza jina alinijibu tu kwamba ameahidiwa."

Ubaridi ulimpanda Nunzia kutoka kwenye kucha za miguu. Walipotoka nje, katikati ya kelele za pikipiki, Ruggero alimshika mkono akamuuliza ni nani aliyeahidiwa. Nunzia akamweleza yote: fuvu, jasho, ahadi. Ruggero alisikiliza mpaka mwisho, uso ukizidi kukunjamana.

"Nimekuomba ukweli, wewe unaniletea maiti," alisema. "Kama una mwanaume mwingine, sema. Nitaumia, lakini nitakuelewa."

Siku hiyohiyo akapanda treni kwenda kwa mama yake Trento. Nunzia alikaa chumbani akiitazama simu kama mgonjwa anayemngoja daktari, hata uvumilivu ukamwishia, akampigia.

"Mpenzi wangu, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza." Kisha sauti ikabadilika. "Nunzia, huyo anayeongea nyuma yako ni nani?"

Nunzia aligeuka. Kitanda, kabati, gauni la harusi likining'inia mlangoni. "Niko peke yangu."

"Kuna mwanaume anaongea hapo. Namsikia."

"Naapa niko peke yangu, Ruggero."

Simu ikakatwa. Lile gauni la harusi lilitikisika kidogo mlangoni, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Kesho yake alimchukua Bibi Rachele wakateremka chini ya kanisa. Fuvu lilikuwa limelowa chapachapa, na kitambaa kilicholala chini yake kingeweza kukamuliwa. Bibi alitazama, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Umemwahidi nini huyu?"

Nunzia akamwambia. Bibi Rachele akaketi kwenye jiwe. "Taa unaahidi. Sala unaahidi. Safari haiahidiwi, mjukuu wangu. Hujui katoka wapi wala anataka kurudi wapi."

"Na nisipomchukua?"

Bibi aliitazama tu ile pete kidoleni mwa Nunzia.

Hapo Nunzia alilia, na kilio kilipomtoka hofu nayo ikageuka kuwa hasira. Akainama kwenye lile tundu la sikio, safari hii bila kunong'ona. "Kama ni wewe uliyemleta, mwachie. Simtaki mume wa kuazimwa. Akirudi, arudi kwa miguu yake mwenyewe. Wewe nitakupeleka hata kama nitakwenda mimi na wewe tu."

Siku chache baadaye, akitoka karakana, alimkuta Ruggero amekaa kwenye ngazi za kanisa, hajanyoa, koti limejikunja kwa safari. Mkononi alikuwa na bahasha ya Ottavia.

"Nimemwota," alisema bila salamu. "Mwanaume wa koti jeupe la askari wa zamani, amekalia sanduku langu, miguu imejaa matope. Hakunitisha. Aliniuliza tu kama treni inasimama Olomouc." Akamkabidhi bahasha. "Nimemkatia nafasi yake, kila ziara. Nilikuonea wivu wa mtu asiye hata na midomo, mpenzi. Nisamehe."

Nunzia alimkumbatia pale pale, na wapita njia wakawapigia makofi kama ilivyo desturi yao ya kuingilia yasiyowahusu. Lakini ndani yake swali halikulala. Amerudi kwa miguu yake, au ametumwa?

Wakaoana, wakaondoka na tiketi tatu, fuvu lenyewe likabaki mahali pake chini ya kanisa. Vienna, kiongozi aligawa vile vifaa vya kusikilizia vinavyoning'inizwa shingoni, akawapa vitatu, na Ruggero akavivaa viwili. Sikioni mwake Nunzia alimsikia kiongozi akisimulia habari za wafalme, na chini ya sauti hiyo pumzi ya mtu anayetembea kwa shida. Praha kulikuwa na ukungu. Katikati ya daraja kiongozi aligeuka, akamwomba yule bwana wa nyuma asibaki peke yake, wenzake wanaondoka. Nyuma yao hapakuwa na mtu. Ruggero aliukaza mkono wa mkewe, wakaendelea kutembea.

Olomouc mvua ilikuwa ikinyesha. Kiongozi wao, Bibi Drahomíra, mama mwenye mvi na mwavuli mwekundu, naye aliwapa vifaa vitatu, akawapitisha kwenye chemchemi za uwanjani, kisha akaingia kichochoro kimoja karibu na ukuta wa mji. Palikuwa na nyumba nyembamba yenye mlango wa chini, mbao zimemomonyoka. Pumzi ile sikioni mwa Nunzia ikakatika. Mwanaume akasema maneno mawili, wazi kabisa, kwa lugha asiyoijua.

Bibi Drahomíra alisimama ghafla. Mwavuli ulimwinamia begani, mvua ikamlowesha mvi.

"Nani amesema?"

"Amesema nini?" Nunzia alimuuliza.

"Amesema, 'Mama, fungua.' Lakini kwa lafudhi ya zamani sana. Hata bibi yangu hakuongea hivyo."

Wote watatu waliutazama ule mlango. Haukufunguka, ila kutoka nyuma yake ilikuja harufu ya moto wa kuni na mkate, kisha ikapotea. Kwenye kifua cha Ruggero taa ndogo ya kifaa cha pili ilizimika yenyewe.

Nunzia alijua ameondoka. Alijua kama unavyojua mgeni ameshatoka chumbani hata ukiwa umemgeuzia mgongo. Na hofu yake yote ya miezi ile ikamrudia kwa pamoja: aliyempa mume hayupo tena, basi huyu aliyesimama kando yake sasa ni nani kwake? Aliogopa kugeuka. Alikaza macho kwenye mawe yaliyolowa.

Kiongozi alijikusanya, akahesabu wageni wake kwa kidole. "Na yule mwenzenu mwingine?"

"Amefika kwao," Ruggero alijibu.

Wakatembea hatua kadhaa kabla Nunzia hajauliza. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Bado upo?"

Ruggero alisimama, maji yakimdondoka kwenye ncha ya pua. "Viatu vimejaa maji, nina njaa, na kesho utanipeleka makumbusho mengine. Niende wapi, Nunzia?"

Nunzia alicheka na kulia kwa pamoja. Akanyoosha mikono, akamvua mumewe kile kifaa kilichozimika, akakitia mfukoni mwake mwenyewe.