Maji ya Tundu la Kasuku

Jua linazama, nami bado nasugua mavi ya kasuku. Tena si kasuku wangu. Mie Tekla, mke wa Wilbert karani wa reli, nilikuwa mpangaji tu katika nyumba ile ya Temeke, na sikutoka bara kuja kuwa mtumishi wa ndege. Lakini mwenye nyumba, Samiha, alikuwa ndani ya eda. Mumewe Thuwaini, mwenye duka pale mbele, alikuwa amezikwa juzijuzi tu, na mjane hatoki. Nikajitolea kumsaidia kazi za uani. Kiherehere changu.

Kazi yenyewe mtu anaiweza. Unatoa kijiti anachokalia ndege, unakikwaruza kwa kisu. Kikombe cha maji na kisahani cha mtama unavisugua kwa jivu na kumbi la nazi. Bati la chini ndilo balaa, uchafu umeganda mpaka uloweke. Nyaya unamalizia kwa ndimu. Kila jioni nililiacha tundu likimetameta, nikaenda zangu kupika.

Asubuhi nalikuta limechafuka.

Si mavi. Udongo. Udongo mbichi umejaa kwenye bati, na ndani yake nyuzi za pamba nyeupe... na harufu ya karafuu maiti.

Sikuogopa, nilikasirika. Nikawasingizia panya. Nikamsingizia paka wa jirani. Nikalisugua upya, kesho yake udongo. Nikaufunga mlango wa tundu kwa waya, nikausokota kwa koleo la Wilbert. Udongo. Jamani, mtu unafanya kazi mpaka kucha zinakatika, halafu ni kama hujafanya kitu! Siku moja nilikaa uani nikalia kwa hasira, kumbi mkononi.

Nilipomlalamikia Samiha, wala hakushtuka. Alinikumbusha tu, kama kila siku, kwamba maji ya kuoshea tundu nisiyamwage uani. Niyapeleke chumba cha nyuma, pale pembeni penye udongo laini, yanazama upesi. Na kweli yalizama. Udongo ule ulikunywa ndoo nzima ukabaki mkavu.

Jioni hiyohiyo Bi Chausiku, jirani yetu wa nyumba ya pili, alikuja kumtazama mjane. Akanikuta chumba cha nyuma nimeinamisha ndoo. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alinishika mkono.

"Nani kakwambia umwage hapo, mwanangu?"

"Samiha."

Akanivuta kando, akanieleza kwa kunong'ona, maana sie watu wa bara hatujui. Pale ndipo alipooshewa Thuwaini. Wenyewe wa pwani huchimba ufuo, shimo ndani ya nyumba, maji ya maiti yaingie humo. Kisha hufukiwa, wala hapaguswi tena. Anayepamwagia maji anamwita aliyeoshwa. Na haya yalikuwa maji ya ndege wake mwenyewe, aliyekuwa akimlisha kwa mkono wake. Maiti akishiba maji atamwita mkewe kwa jina, saa kama hii. Mke asiitike. Akiitika, anaondoka naye.

Nikageuka. Samiha alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake nyeupe. Hakukana. Alisema nyumba imekuwa kimya mno, na huyo kasuku akimwigiza bwana wake anamzidishia uchungu tu.

Nilitamani kumnasa kibao. Siku zote hizo nasugua, kumbe natumwa kuita maiti!

Bi Chausiku alitoka mbio kumfuata mwalimu Mwinshehe aje asome. Akaniachia neno moja, nimchunge Samiha asifungue mdomo. Samiha hakukubali kutoka chumba kile, nikafunga mlango tukiwa humo humo. Tundu nilikuwa nimeliingiza, nikalitundika ukutani, nikalifunika kwa kanga. Adhana ikaisha. Nje hata mbwa hakubweka.

Karafuu maiti... ikajaa chumbani.

"Samiha."

Sauti ya mwanamume. Nikaivuta ile kanga nikijua ni kasuku. Alikuwa amejikunyata, mdomo umefumba, manyoya yamemsimama.

Sauti ilitoka chini.

"Samiha... lete maji."

Samiha akaachama. Nikamrukia, nikamziba kwa kiganja. Akaning'ata mpaka damu ikatoka, sikumwachia. Tulianguka chini wote wawili, machozi yake yananichuruzikia vidoleni.

"Usiitike," nikamnong'oneza. "Nakuomba, usiitike."

Udongo wa pembeni ukatikisika.

"Samiha."

"Abee, bwana."

Ilikuwa sauti ya Samiha. Laini, ya mke aliyezoea kuitwa. Lakini mdomo wa Samiha ulikuwa ndani ya kiganja changu.

Ilitoka tunduni.

Miaka yote ndege yule alisikia mume akiita na mke akiitika, akajifunza yote mawili. Nami nilikuwa nimemchunga mtu, nikamsahau ndege. Kandili ikazimika. Nikasikia kucha zikikwaruza bati, kisha kitu kikapita karibu na mguu wangu, cha baridi.

Bi Chausiku na mwalimu walipoingia na taa, tundu lilikuwa tupu. Waya wangu umesokotwa vilevile. Mwalimu alisoma, akatuambia tushukuru, mtu kasalimika. Bi Chausiku akanisifu. Samiha hakunishukuru. Alinitazama kama mwizi.

"Alikuja kunichukua mie," alisema.

Tulihama upesi. Lakini roho iliniuma, na eda ilipokwisha nikaenda kumjulia hali. Ilikuwa magharibi. Nilimkuta chumba cha nyuma, ameketi chini kando ya ule udongo, amekonda. Hakunikaribisha, alinivuta tu mkono nikae.

Nikasikia. Chini kabisa, Thuwaini anaita. Na sauti ile ya tunduni inamjibu, abee bwana, kisha inacheka kidogo.

Samiha aliinama mpaka midomo ikagusa udongo.

"Thuwaini," akaita. "Mie niko huku juu. Huyo si mie."

Akaita tena na tena, mpaka sauti ikamkauka. Kule chini waliendelea na mazungumzo yao.